Nyasi za Chini ya Mibuni

Je, wewe umewahi kuonewa huruma ambayo moyoni unajua hukuistahili? Ngendo, binti Wamae, alionewa huruma ya namna hiyo akiwa darasa la tano, na ilimkaa kooni kuliko mwiba wa samaki.

Kwao kulikuwa kwenye mteremko nje ya Karatina, mahali ambapo mibuni huanzia karibu na mlango wa nyumba na kushuka hadi ukingoni mwa mto Ragati. Ilikuwa miaka ile wanafunzi walipogawiwa maziwa ya paketi shuleni. Kila jioni Ngendo alivua sare, akaitundika kwenye msumari, akachukua mundu na gunia, akashuka mtoni kumkatia sungura wake nyasi.

Sungura huyo aliitwa Karani. Alikuwa wa kijivu, mwenye duara jeupe kuzunguka jicho moja, kama miwani iliyovunjika upande, na midomo yake haikutulia hata kidogo. Ngendo alisema anafanana na karani wa kiwanda cha kahawa, anayehesabu kimoyomoyo huku akipima madebe ya watu. Karani alipomsikia akija, alisimama kwa miguu ya nyuma na kushika waya wa kibanda, kana kwamba anauliza mbona leo umechelewa.

Siku moja ya mwezi wa Machi, Ngendo na wenzake walibaki uwanjani wakicheza mpira wa kati, ule wa kumkwepesha mpira aliye katikati, hadi jua likaelekea kuzama nyuma ya milima ya Nyandarua. Alipofika nyumbani, mto ulionekana uko mbali sana. Chini ya mibuni, karibu tu na kibanda, nyasi zilikuwa laini na tele. Lakini asubuhi hiyo baba yake alikuwa amepita hapo na bomba mgongoni, akipuliza dawa ya wadudu. Mwisho wa kila mstari alikuwa amesimika kijiti chenye kitambaa chekundu, ili mtu asikate chochote pale mpaka mvua kubwa inyeshe. Ngendo alikiona kitambaa. Akajiambia kwamba dawa hupulizwa juu, kwenye majani ya mibuni, na nyasi ziko chini. Akainama, akakata harakaharaka.

Kulipokucha, Karani alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka, povu limekauka mdomoni. Ngendo hakupiga kelele. Jambo la kwanza alilofanya, na ndilo lililomsumbua baadaye kuliko yote, lilikuwa kuzikusanya nyasi zilizobaki na kuzitupa chooni. Ndipo akamwita mama yake.

Mama yake, Wakonyo, alisema ni baridi, maana upepo wa mlimani ulikuwa umeshuka usiku. Wamae alisema labda cheche, yule mnyama mwizi wa kuku, alikuja akamtisha, na moyo wa sungura ni mdogo. Wote wawili walimpa pole. Wamae hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alimwekea binti yake mkono kichwani, akakaa hivyo mpaka chai yake ikapoa. Ngendo alitazama sakafu.

Shuleni ikawa vilevile. Mwenzake wa dawati, Murugi, msichana mwepesi wa ulimi na mwepesi wa kutoa, alimpa paketi yake ya maziwa. Mwalimu hakumwita ubaoni siku hiyo. Ngendo aliyanywa yale maziwa, yakapita kama maji ya kuoshea vyombo. Wasichana wengine walinong'ona kwamba ana roho ngumu, ati hata chozi hana.

Jumamosi Murugi alikuja na kiondo, kikapu cha kusuka. Ndani yake mlikuwa na sungura jike, mdogo, mweupe, aliyezaliwa na sungura wa kwao. Alisema hataki asante, anataka tu kitoto kimoja siku atakapozaa. Wakonyo alifurahi, akamkaribisha uji. Ngendo alimpokea mnyama huyo kama mtu anayekabidhiwa kaa la moto.

Hapo ndipo taabu yenyewe ilipoanza. Ngendo alishuka mtoni kila jioni, tena mapema, lakini kila jani alilokata alilitilia shaka. Alilinusa, akaliosha, akalifuta kwa nguo, akalinusa tena. Upepo si huvuma? Dawa si hupeperuka? Basi katika gunia zima alimpa sungura majani mawili matatu, nyasi nyingine akazimwaga. Sungura alipotafuna, Ngendo alichuchumaa akimtazama mdomo, akingojea povu. Mnyama akaanza kuguguna mbao za kibanda.

Murugi aliporudi kumwona, alimtoa nje na kumpapasa mgongo.

"Ati huku ndiko kufuga?" alisema. "Nilikupa sungura, Ngendo. Sasa nimeshika ubao wa kufulia nguo."

"Anakula."

"Anakula nini, mbao? Kama hukumtaka, ungeniambia. Kwetu hakulala njaa."

Maneno hayo yalimtoa Wakonyo jikoni. Alimtazama sungura, akakitazama kibanda kitupu, akang'oa konzi ya nyasi kando ya ua na kusogea ampe. Ngendo aliruka na kumpokonya nyasi mkononi. Katika nyumba ile hakuna mtoto aliyewahi kumpokonya mama yake kitu. Hata Murugi aliziba mdomo.

Wakonyo hakuinua mkono. Binti yake alipewa jina la nyanya yake, mzaa mama, na kwa desturi ya kwao Wakonyo alimwita mama.

"Mama," alisema polepole, "nyasi hizi zina nini?"

"Huenda zina dawa."

"Dawa gani? Hapa hapajapulizwa."

"Kama zile nilizompa Karani," alisema Ngendo.

Basi yakatoka yote: mchezo wa kati, kitambaa chekundu, nyasi zilizotupwa chooni. Wamae aliitwa kutoka shambani, naye akayasikiliza akiwa amesimama, jembe begani. Alikasirika, wala hakuficha. Alisema hakuvifunga vile vitambaa kwa kupenda mapambo, na kwamba kama nyasi zile zingeliwa na ng'ombe, nyumba nzima ingekunywa sumu katika chai. Kisha akaweka jembe chini, akamzungusha Ngendo shambani, akamwonyesha mahali upepo unakopeleka dawa na mahali usikofika. Nyasi za ukingoni mwa mto zilikuwa salama, na za kando ya ua pia. Akakata mzigo mzima mwenyewe na kuutia kibandani.

Sungura alikula bila kupumzika. Murugi alimwambia atafune taratibu, asije akameza na vidole vyake.

Wakonyo alimkalisha binti yake kwenye kigoda.

"Hukukusudia kumwua Karani," alisema. "Ulifanya uvivu wa jioni moja, ukaona kitambaa na ukapita. Hilo ni kosa, na baba yako amekugombeza kwa haki. Lakini huyu mweupe hakuguswa na dawa. Huyu alikuwa anauawa na siri. Kosa likifichwa, mama, halikai peke yake, hutafuta mwenzake. Likisemwa, watu hulibeba pamoja nawe."

Ngendo aliitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa makavu. Wakonyo aliyatazama, akakumbuka kwamba tangu asubuhi ile hajamwona akitoa chozi. Akamwuliza kwa nini.

"Mimi ndiye niliyemwua," alisema Ngendo. "Aliyeua atalia vipi?"

"Aliyekosa pia hufiwa," Wakonyo alisema. "Ukimwomboleza uliyempoteza, hufuti kosa lako, wala huliongezi. Siku ile tulikupa pole sote, hakuna aliyekuuliza. Wewe mwenyewe ulitaka nini?"

Murugi, aliyekuwa kibandani, alikuja akakaa chini kando ya kigoda.

"Nilitaka kumlilia," Ngendo alisema mwishowe. "Nilitaka tu kumlilia Karani wangu."