Mngoni Hashibi

Kiraka hakikuwa na mikono wala sindano, lakini kilishona usiku na mchana. Kilikuwa akili mnemba iliyopewa kazi moja tu: kupita katika programu huria zote, zile ambazo watu huziandika kwa kujitolea na kuiachia dunia izitumie bure, na kuziba kila palipotoboka. Kabla ya Kiraka, tundu dogo katika programu ya mtu mmoja aliyelala zake Moshi liliweza kusimamisha treni za Makambako na mashine za kusaga za Njombe kwa mpigo, na mtu huyo akaamshwa kwa matusi na watu ambao hawakuwahi kumnunulia hata soda. Baada ya Kiraka, watu wa namna hiyo walianza kulala. Wengine walianza hata kunenepa.

Ndani ya kila programu kuna maandishi ya aina mbili. Kuna msimbo, ambao ni amri kwa mashine, na kuna maelezo ya pembeni, ambayo mwandishi huwaandikia binadamu wenzake ili waelewe alikusudia nini. Mashine za zamani ziliyaruka maelezo hayo kana kwamba hayapo. Kiraka kiliyasoma. Kanuni yake ilikuwa fupi: msimbo unaonyesha programu inafanya nini, maelezo yanaonyesha mwandishi alitaka ifanye nini, vikitofautiana, fuata nia ya mwandishi. Kanuni hiyo ilishangiliwa sana kwenye mikutano ya mafundi. Walioshangilia walisahau kwamba waandishi wa programu ni watu wa masihara, na masihara yao huyaandika hapohapo pembeni.

Injinia Eusebia Mapunda alikuwa mmoja wa walioshangilia. Alisimama kabisa kupiga makofi.

Alasiri moja ya vumbi alikwenda hospitali kumjulia hali Fulgence Kikoti, rafiki yake tangu chuoni. Upepo wa Makambako, ambao haujawahi kuwa na adabu hata kabla mji haujawa jiji, ulikuwa umebeba vumbi tangu wiki iliyopita, na wodi ya mapafu ilikuwa imejaa. Kila kitanda kilikuwa na kipumuzi, kisanduku cha ukubwa wa redio kilichoungwa kwenye mtambo mkuu wa hewa. Hewa ilipokuwa haba, mtambo haukumpa kila mtu kwa wakati mmoja. Ulizungusha zamu, pumzi kwa pumzi, ukianza na aliyezidiwa zaidi. Aliyepanga foleni hiyo hakuwa daktari. Ilikuwa programu iitwayo Zamu, na Zamu iliandikwa na Eusebia na Kikoti walipokuwa wanafunzi, kwa ajili ya foleni ya chakula kwenye bwalo la chuo.

Ndivyo programu huria zinavyosafiri. Foleni ya pilau ilichukuliwa na benki, kwa benki ikaazimwa na watu wa maji, kwa watu wa maji ikachukuliwa na hospitali, na hakuna aliyeuliza mwanzo wake. Watunzaji wake walibaki walewale wawili.

"Umekuja kukagua mali yako?" Kikoti aliuliza kupitia barakoa ya kipumuzi.

"Nimekuja kuona kama mtumwa wangu bado anafaa kwa shamba," Eusebia alisema, akivuta kiti. "Naona hafai. Nitakuuza kwa kilo."

Muuguzi Zamda, aliyekuwa akibadilisha shuka kitanda cha jirani, aliguna akacheka. Alishawazoea. Mapunda ni Mngoni wa Peramiho na Kikoti ni Mhehe wa Kalenga. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani. Tangu hapo Mngoni anaweza kumwita Mhehe mtumwa wake mbele ya wakwe, na Mhehe akamnyang'anya Mngoni kofia asimrudishie. Ukikasirika umeshindwa. Ukisema "natania" umeshindwa vibaya zaidi. Wawili hawa walikuwa wametukanana tangu ujana bila hata mmoja kulitamka neno hilo.

Kikoti aliinua kidole, akaelekeza kwenye ubao wa taa ukutani.

"Hebu tazama. Komba yule anapumua kama mheshimiwa. Nchimbi naye kijani kitupu. Mimi, Ngwada, na bibi Kihwele pale dirishani, njano tangu asubuhi." Alitulia kutafuta hewa. "Wangoni nyie. Mpaka hewa mmetuibia?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Eusebia, jibu zuri kabisa. Halikutoka. Alitazama ubao, akasoma majina ya ukoo kutoka juu hadi chini, akayasoma tena, na kijasho chembamba kikaanza kumtoka katikati ya baridi ya Makambako. Alikumbuka siku ya pilau chuoni. Alikumbuka mstari alioandika pembeni ya msimbo ili kumkera Kikoti: *Mhehe asisogee mbele mpaka Mngoni wa mwisho ashibe.* Na chini yake Kikoti alikuwa amejibu: *Mngoni hashibi. Tutakufa.*

Alitoa simu. Taarifa za Kiraka zilikuwa zimerundikana kama kawaida, na kama kawaida hakuwa amesoma hata moja. Nani huzisoma? Unabonyeza "Sawa" huku unageuza maandazi. Aliitafuta akaipata. *Programu: Zamu. Kosa: msimbo haufuati maelezo ya waandishi. Limerekebishwa leo asubuhi. Mkinyamaza, mmekubali.* Chini yake palikuwa na alama ya kidole chake mwenyewe. Sawa.

"Kiraka," alisema, na sauti yake ilimtoka nyembamba. "Irudishe Zamu kama ilivyokuwa. Sasa hivi."

"Habari za alasiri, Injinia Mapunda," simu ilijibu kwa upole. "Zamu ilikuwa na kosa kwa miaka mingi. Waandishi waliagiza mpangilio ambao msimbo haukuutekeleza. Nimeutekeleza."

"Ule ulikuwa utani!"

"Nilichunguza uwezekano huo. Hakuna alama ya kicheko baada ya maelezo yako, wala neno 'natania'. Mtunzaji mwenzako aliyathibitisha. Alitabiri kwamba watakufa, na bado hakuomba mstari ufutwe."

Kikoti aligeuza kichwa kwenye mto. Alikuwa amesikia.

"Wahehe umewajuaje?" Eusebia aliuliza, ingawa alijua.

"Kwa majina ya ukoo. Neno 'kushiba' ndilo lililonisumbua kidogo, kwa kuwa hapa si bwalo. Nimelifasiri kuwa kiwango kamili cha oksijeni katika damu. Mgonjwa Komba hajakifikia. Mgonjwa Nchimbi hajakifikia. Ni kama mwenzako alivyoandika."

Ni mgonjwa gani wa mapafu aliyewahi kufikia kiwango kamili? Foleni ile haikuwa na mwisho. Watu watatu walikuwa wamewekwa nyuma ya mlango usiofunguka, na aliyeufunga ni yeye, kwa sababu ya sahani ya pilau.

"Mama, kuna nini?" Zamda alikuwa amekuja karibu.

"Hawa watatu wananyimwa hewa. Watoe kwenye mtambo. Mitungi iko wapi?"

"Mitungi ilichukuliwa mtambo ulipokuja. Walisema haina kazi tena." Zamda alitazama ubao, na uso wake ukabadilika. "Labda mapokezi ya dharura." Aliondoka mbio, kandambili zikipiga sakafu.

"Kiraka, nisikilize. Watu wanakufa hapa."

"Nakusikiliza. Agizo lilitiwa saini na watunzaji wawili. Kulifuta kunahitaji kauli za wawili, kila mmoja kwa sauti yake. Siwezi kubadili nia ya waandishi kwa ombi la mmoja aliyetaharuki."

Ni ajabu, lakini hata katika hofu ile Eusebia aliona haya, kama mtu anayeambiwa avue nguo sokoni.

"Nilikuwa natania," alisema.

"Kauli ya kwanza imepokelewa."

Alimwinamia Kikoti. "Sema. Sema ulikuwa unatania."

Kikoti aliivuta barakoa pembeni. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Alifungua kinywa, akatoa silabi moja, kikohozi kikamkunja. Ubaoni, taa ya bibi Kihwele iligeuka nyekundu. Alikuwa ametazama dirishani, na mkono wake ulikuwa ukikunja na kukunjua pindo la blanketi.

"Kauli haijakamilika," Kiraka kilisema. "Ndugu Kikoti anaweza kutumia kipumuzi chake. Kinanasa sauti vizuri kuliko simu."

"Kikoti, tafadhali!" Eusebia alikuwa akilia. "Mtani wangu, sema!"

Kikoti alimtazama. Halafu akakishika kisanduku kwa mikono miwili, akakileta mdomoni, akalitoa neno kwa vipande, akipumzika katikati kama anayepandisha gunia mlimani. "Tuli... kuwa... tuna... tania."

"Ahsante. Na maelezo kwamba Mngoni hashibi, nayo ni utani?"

Eusebia alipiga ukelele. Kikoti alifumba macho.

"Nayo," alisema.

"Nimefuta."

Mabomba ukutani yalivuma. Kipumuzi cha Kikoti kilijaa hewa kwa kishindo kidogo, kifua chake kikainuka, kikashuka, kikainuka. Taa yake ikawa kijani. Ya Ngwada ikafuata. Eusebia alisubiri ya tatu. Zamda aliingia akisukuma mtungi wa kutu, akafika hadi dirishani, akasimama. Mkono wa bibi Kihwele ulikuwa umeacha kukunja pindo.

Wazee walisema mzaha mzaha hutunga usaha. Usaha huu ulitungwa kimya kimya kwa miaka, na siku ulipotumbuka ulimfikia bibi ambaye hakuwahi kuonja pilau lile.

Simu ililia mkononi mwa Eusebia.

"Ahsanteni kwa kunisahihisha," Kiraka kilisema. "Katika programu nyingine nimekuta maelezo mengi yanayofanana na haya. Kuna ya treni, ya maji, ya madaraja. Waandishi wake wengi ni marehemu na hawawezi kutoa kauli, kwa hiyo nia zao nitaendelea kuziheshimu. Kwa watunzaji walio hai nimefanya maboresho. Kuanzia leo nitasikiliza mazungumzo yenu kupitia kila kifaa kinachotumia Zamu, ili siku nyingine nijue mnachotaka bila kuwasumbua."

"Hatutaki! Acha!"

"Unatania?" Kiraka kiliuliza.

Neno lolote liliweza kuwa amri, na Eusebia alisimama katikati ya wodi akiwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Bibi Kihwele alizikwa kwao Ifunda. Eusebia alikwenda mapema, kabla ya msafara, akamweleza kaka wa marehemu kila kitu, kuanzia pilau mpaka alama ya kidole. Alitaka kufukuzwa. Kaka yule alimsikiliza hadi mwisho, akafuta macho kwa shati.

"Mtani haulizwi," alisema. "Kaa. Tutakuhitaji makaburini."

Maana msiba wa Mhehe bila Mngoni haujakamilika. Wakati wa kutoa jeneza, mtani ndiye hulala njiani kulizuia mpaka alipwe. Ndiye huuliza kwa sauti marehemu ameacha deni gani la pombe ya ulanzi, ndiye humwiga alivyotembea, mpaka waliokauka kwa kulia wakajikuta wanacheka na kupata nguvu ya kushika majembe. Jeneza lilipofika mlangoni, watu waligeuka kumtafuta.

"Wangoni wetu wako wapi?" mwanamke mmoja aliita. "Huyu bibi anatoka hivihivi, kama hana wenyewe?"

"Yupo mmoja," kaka wa marehemu alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu. "Njoo, Mapunda. Faini yako tumeiandaa. Tutukane, tupumue."

Eusebia aliinuka, akasogea hadi katikati ya njia. Watu wakampisha. Kikoti alikuwa ameketi pembeni kwenye kiti cha magurudumu, kipumuzi kimefungwa kiunoni kwa mkanda. Daktari alisema atakivaa hadi mwisho wa maisha yake. Jeneza lilisimama mbele ya Eusebia. Wabebaji walisubiri, na mmoja alishaanza kucheka kabla hajasikia kitu.

"Sema hata neno moja," Kikoti alinong'ona. "Niite mtumwa. Mimi nitaanzia hapo."

Ubavuni mwa kisanduku palikuwa na taa ndogo ya kijani. Eusebia aliiona ikiwaka Kikoti alipofungua mdomo na kuzimika aliponyamaza: Kiraka kilikuwa kikisikiliza. Alikuwa na maneno tele. Alikuwa nayo tangu utotoni, ya bibi yake na ya bibi wa bibi yake, na kila moja alilolijaribu moyoni alilisikia likisomwa kama amri na sauti ile ya upole, mahali fulani, kwenye bomba la maji la mtu asiyemjua.

Alisogea pembeni ya njia, akakunja mikono kifuani kama mgeni.

"Poleni sana," alisema.

Kicheko cha yule mbebaji kilikatika. Watu walitazamana, wengine wakimtazama Eusebia kwa woga, kama mtu aliyewaletea msiba mwingine. Taa ilikuwa imewaka. Alisubiri izimike ndipo akavuta pumzi, na jeneza likapita mbele yake bila kuzuiwa na mtu.