Nyumba Arobaini na Tatu za Kiharo

Ketura Biira aliamka saa kumi na mbili asubuhi. Aliwasha jiko, akamchemshia mama mkwe wake chai ya tangawizi, kisha akatoka kwenda kuutazama mto. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kila siku. Mtaa wa Kiharo uko bondeni mjini Kasese, kando ya mto Nyamwamba, na mto huo ukikasirika hauombi mtu ruhusa. Manispaa ilikuwa imempa Ketura koti la mvua na filimbi nyekundu. Mto ukianza kujaa, apige filimbi. Watu wakiisikia, wapande mlimani hadi shule ya msingi. Jambo rahisi kabisa.

Ketura aliipenda filimbi yake. Aliivaa shingoni hata akienda kanisani. Mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mukaka Naome, yaani Bibi Naome, alimtania.

"Siku hizi hata chakula kikiiva utatupigia filimbi?"

"Utaishukuru siku moja, Mukaka."

"Mimi na miguu hii? Hata nikiisikia, nitakwenda wapi?"

Basi, Jumamosi moja ikawekwa kuwa siku ya mazoezi. Semu, mfanyakazi wa manispaa anayeshughulikia maafa, alikuja na daftari. Alisimama kwenye uwanja wa shule kuhesabu watu. Saa kumi jioni Ketura akashika kiuno, akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote. Watoto wakakimbia huku wakicheka. Wanawake wakafuata. Wajukuu wawili wakamvuta Mukaka huku na huku, naye akawakemea njia nzima.

Huko shuleni Semu akahesabu. Akahesabu tena.

"Dada Ketura, Kiharo ina nyumba ngapi?"

"Arobaini na tatu."

"Zimekuja ishirini na sita."

Ketura akacheka kidogo, cheko la aibu. "Wengine ni wapangaji. Watu wa kupita tu. Tena nilitangaza kanisani!"

"Kanisani kwenu. Na wanaosali kwingine? Na wasiosali?"

Ukweli ni kwamba Ketura alijivunia kumjua kila mtu Kiharo, kumbe alikuwa akiwajua wale wa kwao tu.

"Ingekuwa maji ya kweli," Semu alisema, "leo tungekuwa tunatafuta watu wa nyumba kumi na saba kwenye matope. Twende tukawaulize."

Walianza na safu ya vyumba vya kupanga, nyuma ya mashine ya kusaga. Ndizo nyumba zilizo karibu zaidi na mto. Mlango wa Yvette ulikuwa umefungwa kwa ndani. Yvette alikuwa mchuuzi wa vitenge aliyekimbia vita vya Beni, huko Kongo, ng'ambo ya mpaka. Ketura aligonga. Akagonga tena, akamwita kwa jina. Mlango ukafunguka kidogo. Yvette alichungulia nje pande zote mbili. Chini ya kitanda, miguu miwili midogo ilionekana. Ilikuwa ya Sophie, binti yake wa miaka minne.

Barbara, jirani yao, alikuwa amefika mlangoni. Yeye ni mke wa Koplo Oryem, askari wa kambi ya jeshi, naye kwao ni Lira, kaskazini. Hajui Kikonzo, lugha ya wenyeji, kwa hiyo wote wakasema Kiswahili.

"Mama Sophie, hukusikia filimbi?" Ketura aliuliza.

"Nilisikia sana," Yvette alisema kwa Kiswahili cha kwao Kongo. "Kwetu kule, filimbi ikilia, ni kusema batu ya panga beko banakuja. Unafunga mulango. Unaingia chini ya kitanda. Unamufunga mutoto kinywa, asilie."

Kikonzo cha Ketura na Kinande, lugha ya kwao Yvette, ni kama lugha moja. Waliposalimiana kisimani hakuna aliyehitaji mkalimani. Ndiyo maana hakuwahi kudhani kuna jambo ambalo Yvette hangelielewa. Na hapa palikuwa na mtoto chini ya kitanda, hatua thelathini kutoka mtoni, amefichwa hapo na filimbi ya Ketura mwenyewe.

"Na wewe, Mama?" Semu akamgeukia Barbara.

"Mimi nilisikia pia. Lakini filimbi ni ya askari. Ikilia, afande anatoka, mke anabaki na watoto. Nikabaki."

Semu akaandika yote mawili daftarini. Walikwenda kwa Mzee Erifazi, mfugaji wa kabila la Wasongora mwenye ng'ombe saba. Walimkuta anapanda kutoka mtoni, suruali imelowa hadi magotini.

"Mzee, ulikuwa wapi?"

"Nilisikia filimbi. Nikajua wachungaji wananiita. Nikakimbilia ng'ombe."

"Ng'ombe wako wapi?"

"Pale pale majini, wanakunywa!"

Semu alifunga daftari. "Unaona, Dada Ketura? Mmoja amejificha, mmoja amekaa, mmoja amekimbilia mtoni. Na wote wamesikia vizuri."

"Basi filimbi ni mbaya?"

"Filimbi haina kosa. Sisi hatukuuliza nani anaishi hapa, ametoka wapi, na amepitia nini huko."

Ketura akasitasita. "Lakini ukimuuliza mtu kabila lake, si ataona unambagua?"

"Inategemea unauliza ili iweje. Ukiuliza ili umnyime, huo ni ubaguzi. Ukiuliza ili umfikie, mwambie hivyo hivyo, tena mapema. Asiyetaka kusema, usimlazimishe. Muulize tu atasikiaje na nani wa kumsaidia."

Wiki nzima Ketura alipita mlango kwa mlango, na safari hii hakuruka safu ya wapangaji. Daftari lake likajaa. Nyumba ishirini na tano za Wakonzo. Sita za waliotoka Kongo. Tano za askari, ambao kwao ni Acholi, Lango na Teso. Nne za Wasongora. Mbili za Watoro. Na moja ya mtu wa kabila la Waganda, mwenye saluni, aliyesema, "Miaka mitatu niko hapa, wewe wa kwanza kuniuliza jina." Ketura aliona haya, akaandika jina vizuri.

Karibu na kila jina aliandika pia nani ni mgonjwa, nani ni mzee, nani ana mtoto mchanga. Mukaka Naome alichungulia.

"Hawa watu wa kambi nao umewaandika? Hawasalimii."

"Wewe umewahi kuwasalimia, Mukaka?"

Mukaka akanywa chai yake.

Jumamosi iliyofuata watu wa nyumba zote waliitwa shuleni. Semu aliwauliza: ni sauti gani isiyomtisha mtu yeyote hapa? Wakabishana. Ngoma? Watu wangedhani kuna harusi. Sufuria? Yvette alitikisa kichwa haraka. Kule Beni nazo ziligongwa usiku wa hatari. Mwishowe Yvette mwenyewe akanyoosha kidole kwenye rimu ya gari iliyoning'inia mbele ya darasa kama kengele.

"Ile, mutoto yoyote anaijua. Ikilia, unaenda masomo."

"Hata Lira ni hivyo," Barbara alisema.

Hata Mzee Erifazi aliwahi kuikimbilia, kabla ng'ombe hawajamtoa shuleni. Wakakubaliana. Rimu nyingine itundikwe karibu na mashine ya kusaga. Ikigongwa mfululizo bila kupumzika, kila mtu aende shuleni. Nyumba zikagawanywa nne nne au tano tano, na kila kundi likapata mtu wa kugonga milango na kuita majina. Semu akawakumbusha dalili. Maji yakibadilika kuwa tope, hatari. Mawe yakisikika yakigongana mtoni, hatari. Mvua ikinyesha milimani, msidanganywe na jua lenu la hapa chini. Msirudi kuchukua godoro. Msivuke maji yanayokimbia, hata yakiwa ya magoti.

Ijumaa moja Ketura alikwenda Bwera, mji wa mpakani, kumwona dada yake aliyejifungua hospitalini. Kabla ya kuondoka alimkabidhi Yvette nyundo ya kugongea rimu na daftari.

Saa nane mchana alitazama milimani. Wingu jeusi lilikuwa limekaa juu ya milima upande wa Kasese. Akampigia Yvette simu. Haipatikani. Akampigia tena. Haipatikani. Mukaka na miguu yake! Ketura alipanda gari la kwanza kurudi Kasese, na njia nzima alishika filimbi shingoni kana kwamba ingemsaidia.

Alipofika, barabara ya chini haikuwepo. Palikuwa na maji ya tope, yakibeba migomba na mapipa. Safu ya vyumba vya kupanga ilizama hadi madirishani. Miguu ilitaka kukimbilia nyumbani. Kuvuka? Alikumbuka maneno ya Semu, akageuka, akapanda njia ndefu ya kuzunguka, akilia waziwazi bila kujali nani anamwona.

Kabla hajafika uwanjani alisikia sauti ya Yvette ikisoma majina. Alisoma moja moja, ya Kikonzo, ya Kiacholi, ya Kitoro, na ulimi ulijikwaa hapa na pale. Kila jina liliitikiwa. Sophie alikuwa amekaa juu ya gunia, akila muhogo. Mzee Erifazi alikuwa amesimama, akiwatazama ng'ombe wake sita. Wa saba hakumrudia.

"Ketura Biira," Yvette alisoma.

"Hayuko," mtu alisema. "Amekwenda Bwera. Funga daftari, mvua inakuja."

"Sifungi. Bado mutu moja. Ketura Biira!"

"Niko!" Ketura alipiga kelele toka getini. "Niko!"

Yvette akaandika. Kisha akalia.

Mukaka Naome alikuwa kwenye benchi la darasa, amefunikwa koti la Koplo Oryem. Alionekana mzima na mwenye ghadhabu.

"Nani amekuleta, Mukaka?"

"Huyu." Mukaka alimshika Barbara mkono, wala hakuuachia. "Amenibeba mgongoni kama mtoto. Nimemsalimia njia nzima."

Kisha akamtazama mkwe wake toka juu hadi chini.

"Na wewe, mwenye filimbi, mbona umechelewa?"