Aliyeita Mara Moja

Mkutano ulikuwa Jumamosi ya kwanza ya Juni 2015, katika ukumbi wa kanisa letu huku ughaibuni, Columbus, baada ya mazoezi ya kwaya. Wazazi walikaa na fomu za ruhusa mapajani, wengine bado wamevaa viatu vizito vya kazi ya ghala. Makanisa matatu ya Wakongomani, la Louisville, la Buffalo na letu, yalikuwa yanapeleka vijana kwenye kambi ya skauti ya siku nne, nje kidogo ya Louisville. Wangejifunza kufunga mafundo, kupika kwa kuni, na kulenga shabaha kwa bunduki ndogo. Fomu zilikuwa za hilo la mwisho.

Mkufunzi wa shabaha alikuwa Mutuku, Mkenya wa North Buffalo aliyekuja kusoma akabaki na kazi ya ofisi. Watoto walimwita Tonton, yaani mjomba, na kila mara alijibu kwamba yeye si Tonton wa mtu. Alitusomea kanuni zake polepole. Mdomo wa bunduki uelekee shabaha wakati wote. Kidole kisiguse triga kabla ya amri. Mtu asivuke mstari mpaka bunduki zote ziwe chini, zimefunguliwa, na yeye mwenyewe amesema ni salama. Na yeyote atakayeona hatari, hata awe mpishi, aseme "Acha!" mara moja, na wote waache papo hapo.

Halafu akawajaribu. Akasoma majina ya orodha, kila jina mara moja. Nusu ya watoto wetu walimkodolea macho tu, midomo imefungwa. Aliporudia ndipo wakaitika.

"Mimi huwa sirepeat," alisema. "Risasi haingoji jina la pili."

Mama yangu, Nyirabeza, akainuka. Alieleza kwamba huko kwetu, milimani juu ya Uvira, ukiitwa na mtu usiyemwona, unanyamaza. Aliye hai atarudia. Asiye hai huita mara moja. Na sisi tukiitwa tunaitika "Karame", maana yake uishi siku nyingi.

"Bon, unamuambia mutu hata humuone aishi siku mingi," Mama alisema. "Hizo siku atazitosha wapi, atazitoa kwa nani? Atazitosha kwako."

Kuna waliocheka. Mimi nilisimama. Nilikuwa na miaka ishirini, mwaka wa pili chuoni, na kwenye midahalo hakuna aliyependa kupangwa dhidi yangu. Nilisema hofu mbili zikigongana, tuulize ipi ina makaburi. Risasi ina makaburi. Sauti haina. Nikasema mtoto anayengoja kuitwa mara mbili kwenye uwanja wa bunduki atakufa huku akingoja, na sisi tutamzika pamoja na mila yake. Ukumbi ulipiga makofi. Mama alikaa chini, akatia sahihi fomu ya mdogo wangu, na hakunitazama mpaka tukafika nyumbani Hilliard.

Mdogo wangu ni Précieuse. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwezi mzima wa Juni nilimfundisha: nilimwita kutoka chumba chochote, saa yoyote, mara moja. Asipoitika, anaosha vyombo. Wiki ya kwanza aliosha vyombo kila siku, akilalamika kwa Kiingereza. Kufikia Julai aliitika kabla sijamaliza jina lake, hata akiwa bafuni, tena kwa dhihaka.

"Karame, madame la présidente."

Mama alikuwa jikoni siku moja alipoitika hivyo. Alizima jiko, chakula bado kibichi, akaingia chumbani kwake.

Nilikwenda kambini kama msaidizi wa wasichana. Siku mbili za kwanza hazina cha kusimulia. Siku ya tatu, saa nane mchana, ikawa zamu ya kundi la Précieuse kulenga shabaha. Jua lilikuwa kali. Mbele yetu palikuwa na nyasi fupi, kisha karatasi sita za shabaha kwenye fremu za mbao, na nyuma yake tuta refu la udongo. Mutuku alilizunguka tuta lote kwa miguu kabla hatujaanza. Alirudi, akasema hakuna mtu. Akapandisha bendera nyekundu.

Wasichana sita walilala kifudifudi kwenye mikeka, kila mmoja na risasi zake tano. Précieuse alikuwa wa mwisho kulia. Mimi nilisimama hatua mbili nyuma yake. Sote tulikuwa tumevaa vile vifuniko vinene vya masikio, na amri za Mutuku zilitufikia kama za mtu anayesemea ndani ya ndoo.

Akatoa amri. Watano wakaanza kupiga. Précieuse, mwenye kujishuku siku zote, alikuwa bado anapanga viwiko vyake.

Ndipo mtu akamwita.

"Précieuse."

Mara moja. Kutoka kule mbele, nyuma ya karatasi. Sauti haikuwa ya ndani ya ndoo. Ilikuwa safi, kama vile masikio yangu hayakuzibwa na kitu. Niliitambua kabla haijamaliza jina.

Ilikuwa sauti yangu.

Mdomo wangu ulikuwa umefungwa. Najua, kwa sababu nilikuwa nimeuma kamba ya filimbi.

"Karame," Précieuse akasema.

Akaweka bunduki chini taratibu, mdomo kuelekea shabaha, kama alivyofundishwa. Akasimama. Akavuka mstari.

Nilifungua kinywa niseme "Acha". Pumzi ilitoka. Neno halikutoka. Nilijaribu tena. Nikajaribu kupuliza filimbi, na filimbi nayo ikatoa hewa tupu. Nikataka kukimbia, viatu havikubanduka ardhini. Mdogo wangu alikuwa anatembea katikati ya risasi, mikono ikining'inia, bila haraka, kama anayeitwa kula.

Hatua tano. Hatua nane.

Mutuku alikuwa upande wa kushoto, ameinama juu ya msichana wa kwanza. Aliinua kichwa.

"Acha!"

Mara moja tu. Na wale wasichana watano waliacha papo hapo. Nasisitiza hili. Bunduki tano zilishuka pamoja. Vidole vikatoka. Hakuna aliyengoja neno la pili.

Précieuse alikuwa bado amesimama, mgongo kwetu, hatua chache kutoka kwenye karatasi yake. Mzima. Nilimwona akiinamisha kichwa pembeni, kama mtu anayenong'onezwa.

Kisha mlio. Mmoja.

Ulitoka mbele.

Aliketi chini kwanza. Ndipo akalala.

Alifariki kwenye gari la wagonjwa kabla hatujafika Louisville. Risasi ilikuwa imeingia kifuani. Mimi nilikuwa naye, nimemshika mkono, na sauti yangu ilirudi pale tu alipoacha kupumua. Ilirudi kama ukelele, na dereva alidhani ni mgonjwa mwenyewe.

Ripoti ya uchunguzi ilitoka Oktoba. Kurasa kumi na mbili. Inasema mmoja wa wasichana alipiga baada ya amri ya kuacha, risasi ikagonga jiwe kwenye tuta na kurudi. Inasema marehemu alivuka mstari kwa sababu aliitwa. Inasema aliyemwita ni dada yake. Wasichana watano wameandika hivyo, kila mmoja peke yake, na siwezi kuwaita waongo. Walisikia nilichosikia.

Lakini hoja ya jiwe naikataa, na nitaikataa mpaka nife. Mutuku alipoteza nafasi yake ya ukufunzi na nusu ya marafiki zake. Alirudi kambini na chekecheo na koleo. Siku mbili alichekecha lile tuta. Alipata risasi zote ambazo wale watano walikuwa wamepiga, moja moja, hakuna iliyopungua. Jiwe hakupata, hata la ukubwa wa harage. Aliwaandikia wachunguzi. Nami niliwaandikia mara nne. Walijibu kwamba faili limefungwa.

Kabla ya hayo yote palikuwa na usiku wa matanga. Wanawake walipotoka kwenda kupokea wageni wa Buffalo, Mama alinisogelea na kuninong'oneza.

"Ulimuita?"

"Sikumwita, Mama."

"Donc ulisikia sauti ya nani?"

"Yangu."

Alivuta kitenge chake mabegani. Nilingoja anilaumu. Ningefurahi kulaumiwa.

"Bon," alisema. "Basi inakujua na wewe."

Hajalizungumzia tena.

Januari wachunguzi walituletea mfuko wa vitu vya Précieuse. Skafu ya skauti. Viatu. Saa ya plastiki. Na karatasi yake ya shabaha, imekunjwa mara nne. Mama alichukua skafu na viatu. Karatasi aliniachia mezani.

Précieuse hakupiga hata mara moja. Ukurasa wa saba wa ripoti yao wenyewe unasema risasi zake tano zilikutwa kwenye mkeka. Karatasi ile ilipaswa kuwa safi.

Niliikunjua dirishani, kwenye mwanga wa theluji. Ilikuwa safi, isipokuwa tundu moja, katikati kabisa ya duara la ndani.

Karatasi ikitobolewa na risasi, kingo za tundu husimama upande risasi inapotokezea, si upande ilipoingilia. Mtoto yeyote wa kambi ile anajua. Niliigeuza, nikapitisha kidole upande wa nyuma, ule uliotazama tuta. Laini.

Nikaigeuza tena, upande wenye duara, ule uliotutazama sisi.

Kingo zilikuwa zimesimama. Zilinikwaruza kidole.