Kengele ya Sefo

"Kwani mimi ndiye niliyemsingizia huyo Sefo wenu? Hata baba yangu alikuwa hajazaliwa!"

"Na nani amekuuliza? Ondoa ndoo yako hapo."

"Siondoi. Nimefika wa kwanza."

"Nyinyi wa kwa mchungaji kila mahali mmefika wa kwanza. Benchi la mbele, nyinyi. Paja la nguruwe, nyinyi. Sasa hata maji?"

Ruta, binti wa Mchungaji Elisara, aliushika mpini wa ndoo kwa mikono miwili. Moelagi naye akaukamata. Walikuwa kwenye chemchemi ya Faleauta, kijiji cha kisiwani, pale watoto wanapochota maji kila asubuhi kabla ya shule. Wenzao walikuwa wameacha kuchota, wanatazama.

"Kesho tunakuja kwenu," Ruta alisema huku anavuta. "Baba amesema kanisa litapiga magoti. Bibi yako atainua mkeka, tutakula pamoja, basi, yataisha. Wewe mbona unapandisha mashetani?"

"Njooni. Mtapiga magoti mpaka nyasi ziwaote mgongoni."

Moelagi aliachia mpini ghafla. Ruta akaanguka kitako, maji yote yakammwagikia kifuani. Watoto wakacheka. Moelagi hakucheka. Alijaza ndoo yake taratibu, akaibeba, akaenda zake.

Ukitaka kuielewa hasira ya Moelagi, lazima umjue Sefo. Sefo alikuwa kaka wa Bibi Fuatino, kwa hiyo kwa Moelagi alikuwa babu. Lakini babu huyo alikufa akiwa na miaka kumi na mmoja. Moelagi alikuwa na miaka kumi na miwili, yaani alishampita babu yake kwa umri.

Miaka sitini iliyopita, Sefo alikuwa anafagia kanisa. Kikombe cha ushirika kikapotea. Mchungaji wa wakati ule akasema mwizi ni Sefo. Hakuna aliyeona, hakuna aliyeuliza mara mbili. Familia nzima ikatolewa kanisani, na kijiji kikafuata kanisa kama kawaida yake: wakahamishiwa ng'ambo ya mto. Sefo akawa anavuka mto kila siku kwenda kupekua nyasi za nyuma ya kanisa. Alikuwa anakitafuta kikombe, akirudishe, mama yake aache kulia. Siku moja mto ukajaa, ukamchukua.

Faleauta, mtu akifa, kengele ya kanisa inapigwa. Mama yake Sefo hakutaka kingine ila kengele hiyo, hata kwa kuomba radhi ya wizi asiouamini. Alijifunika mkeka mwororo wa familia, ule wa kurithishana, akapiga magoti mbele ya nyumba ya mchungaji, na Fuatino mdogo wa miaka tisa pembeni yake. Hivyo ndivyo watu wa kule wanavyoomba radhi kwa kosa zito, wanaita ifoga. Unajifunika, unapiga magoti, unangoja. Mwenye nyumba akiuinua mkeka, amekupokea. Asipouinua, utakaa hapo.

Mchungaji hakuuinua. Alikuwa dirishani anakunywa kakao, walimwona. Jioni mvua ikanyesha, shemasi mmoja akatoka, akauchukua mkeka akaingia nao ndani, mlango ukafungwa. Sefo akazikwa ng'ambo ya mto bila kengele.

Hadithi hiyo Bibi Fuatino aliirudia kila walipoketi kumenya magimbi. Moelagi aliijua mpaka pumzi zake. Aliujua hata mkeka: pindo la manyoya mekundu, na kona moja imeshonwa kwa nyuzi nyeusi, kwa sababu Fuatino aliwahi kuichana akichezea, akaishona mwenyewe kwa nyuzi alizozipata.

Sasa Jumapili iliyopita Mchungaji Elisara, aliyehamia mwaka huo tu, alipanda mimbarani na daftari la zamani la wazee wa kanisa. Akasoma: "Kikombe kimeonekana chini ya sakafu ya mimbari. Wazee wameona heri jambo hili libaki humu." Iliandikwa miaka minne baada ya Sefo kuzama. Miaka hamsini na sita wamekaa kimya. Na mwandishi wa maneno yale, Shemasi Tiatia, alikuwa hai, mzee wa miaka themanini na nne, ameketi benchi la mbele anatazama vidole vyake.

Familia ya Bibi Fuatino ilikuwa benchi la nyuma kabisa. Walisharudi kijijini, ila benchi lao halikuwahi kusogea.

Alfajiri iliyofuata ugomvi wa chemchemi, Moelagi aliamshwa na mbwa. Mbele ya nyumba, juu ya changarawe, palikuwa na kilima cha watu kimefunikwa mkeka. Mchungaji Elisara, mke wake, mashemasi wanne na Ruta. Vichwa chini.

Mjomba Seupule, mkubwa wa familia, alisimama uani na lavalava yake, shuka la kiunoni, imefungwa vibaya kwa haraka, panga mkononi. Hakuwa na nia ya kukata mtu, lakini panga hakuliweka chini.

Ndani, mapazia ya makuti yalikuwa yameshushwa. Bibi Fuatino alikuwa ameketi wima kwenye mkeka wake wa kulalia. Macho yake yalikuwa yamefifia, anaona mwanga na vivuli tu.

"Wamekuja wangapi?"

"Saba, Bibi."

"Tiatia yupo?"

"Yupo. Anatetemeka."

Bibi alivuta pumzi. "Nenda kamwambie mjomba wako aunyanyue. Siwezi kumfanyia mtu jambo ninalolijua uchungu wake."

"Bibi! Sasa hivi tu? Hata jua halijatoka!"

"Umenisikia."

Moelagi alitoka anaburuta miguu. Alikuwa anakwenda kusema kama alivyotumwa, kweli kabisa. Lakini jua lilikuwa limeanza kuchungulia, na alipopita karibu na ule mkeka aliona pindo. Manyoya mekundu, yamepauka. Akaangalia kona. Nyuzi nyeusi.

Damu ikamchemka mpaka masikioni. Mkeka ule ule! Waliunyang'anya kwa mama aliyefiwa, wakautia sandukuni miaka sitini, leo wanakuja kuombea radhi kwa mali ya wizi!

"Bibi anasemaje?" Mjomba Seupule aliuliza kwa sauti ya chini.

"Anasema bado," alisema Moelagi.

"Bado?"

"Bado."

Seupule alitikisa kichwa. "Haya. Ana haki yake mama." Akasimama imara zaidi.

Moelagi alirudi ndani.

"Umemwambia?"

"Anasema bado, Bibi. Anasema wangoje."

Bibi Fuatino aliguna. "Mkaidi kama babake. Haya, yeye ndiye mkubwa wa nyumba."

Basi wakakaa hivyo. Nje mmoja anamngoja aliye ndani, ndani mmoja anamngoja aliye nje, na katikati Moelagi na ulimi wake. Alijibanza kwenye nguzo akawa anatazama. Saa moja ikapita, ya pili ikaingia, jua likapanda. Majirani walijaa kwenye ua. Alihesabu migongo iliyokuwa inayumba chini ya mkeka, na kila mgongo ulipoyumba alisema kimoyomoyo: hiyo ya Sefo. Hiyo ya mama yake. Hiyo ya benchi la nyuma. Ilikuwa tamu. Tusidanganyane, ilikuwa tamu kama maziwa ya nazi.

Saa tatu akasikia mtu anatapika. Mkono mdogo ukachomoza chini ya mkeka, umeshika changarawe. Mkono wa Ruta. Mama yake alisikika akimnong'oneza, "Vumilia mwanangu, vumilia kidogo."

"Moelagi," Mjomba alimwita kwa kunong'ona. "Nenda kamuulize tena bibi yako. Kuna mtoto pale."

Moelagi aliingia ndani, akasimama nyuma ya pazia, akahesabu mpaka ishirini bila kusema kitu, akatoka.

"Bado," alisema.

Saa nne ule mkono uliachia changarawe. Vidole vikalegea. Mama yake akapiga yowe, "Ruta! Ruta!" Mkeka ukatikisika, lakini hakuna aliyetoka, kwa sababu mwenye kuomba hainuki mpaka ainuliwe. Majirani wakamtazama Seupule. Seupule akatazama mapazia. Hakuna aliyesogea. Wote walikuwa wanangoja neno la Bibi Fuatino, na neno hilo Moelagi alikuwa amelikalia tangu alfajiri.

"Alishasema!" Moelagi alipayuka. "Bibi alishasema muinue! Tangu asubuhi! Mimi ndiye niliyesema bado, mimi!"

Panga la Seupule lilianguka kwenye changarawe. Lakini kabla hajaufikia mkeka, pazia lilifunguka, na Bibi Fuatino akatoka akipapasa nguzo. Alitembea mpaka kwenye mkeka, akainama, akauinua kwa mikono yake.

Ruta alibebwa kivulini, akamwagiwa maji kichwani, akafumbua macho. Magoti yake yalikuwa yamechubuka, damu imechanganyika na mchanga. Bibi Fuatino alikuwa bado amesimama na mkeka mikononi. Vidole vyake vilikuwa vinatembea kwenye pindo. Vikafika kwenye kona, vikasimama.

"Huu mmeutoa wapi?"

"Kwenye sanduku la kanisa, Mama," Mchungaji Elisara alijibu, magoti yake bado chini. "Ndio mzuri kuliko yote tuliyonayo."

"Kona hii niliishona mimi. Nilikuwa na miaka saba."

Mchungaji akashika kichwa. "Mama, hatukujua. Mungu wangu, hatukujua."

"Mmoja anajua," alisema Bibi. "Tiatia, ni nani aliyetoka na kuuchukua siku ile ya mvua?"

Mzee Tiatia alilia kama mtoto. "Nilitumwa, Fuatino. Nilitumwa."

Shemasi mmoja kijana, ambaye tangu alfajiri alikuwa amenuna, alisema, "Mama, sisi wengine hatukuwepo. Mbona tunaadhibiwa kwa makosa ya marehemu?"

Bibi Fuatino aligeuza uso kufuata sauti. "Kengele uliitengeneza wewe? Mbona unaipiga? Benchi la mbele ulilichonga wewe? Mbona unalikalia? Ukipokea urithi, mwanangu, pokea wote. Huwezi kuchukua kengele ukaacha kosa. Nimeinua mkeka. Sijasema nimesahau. Leo saa tisa mtampigia Sefo kengele, mapigo kumi na moja. Kamba ataishika Tiatia, hata kama atashikiliwa mgongoni. Na mkeka huu hautoki tena hapa."

"Itakuwa hivyo, Mama," alisema Mchungaji Elisara.

Watu walipoondoka, Bibi alimwita Moelagi. Moelagi aliketi mbali kidogo, mbali na mkono.

"Sogea. Sikuchapi. Nani amekufundisha kudanganya?"

"Nilimlipizia Sefo kisasi, Bibi! Wewe mwenyewe kila siku ulikuwa unasema. Na nimeuona mkeka, ni ule ule!"

"Ulipouona, ungekuja kuniambia. Ningetoka, ningewauliza mbele ya kijiji kizima, kama nilivyowauliza. Ukweli ulikuwa unatosha kuwaaibisha. Wewe ukauficha."

"Saa chache tu."

"Wazee wa kanisa walijua jambo, wakalikalia, mtoto asiye na kosa akaendelea kulibeba kaburini. Sasa hebu niambie wewe umefanya nini."

Moelagi alitaka kujibu, machozi yakatangulia.

"Hasira yako siikatai," Bibi aliendelea, sauti imeshuka. "Mimi ndiye niliyekulisha, pamoja na magimbi. Hapo nami nina kosa. Lakini sikiliza na ukumbuke ukiwa mtu mzima. Mtu akikosewa ana haki ya kudai, ana haki ya kukasirika, hata ya kukataa. Haki ya kudanganya hana. Na anayekosa, awe kanisa, awe mtoto wa miaka kumi na miwili, anakwenda mwenyewe kusema nimekosa, bila kungoja miaka sitini. Chukua mkeka wako wa kulalia."

"Niende nao wapi?"

"Unajua wapi."

Saa tisa kasoro, Moelagi alipiga magoti mbele ya nyumba ya mchungaji, mkeka wake wa kulalia kichwani. Ulinuka usingizi na mafuta ya nazi. Changarawe za kule zilikuwa kali kuliko za kwao, au labda ndivyo magoti yake yalivyoona. Aliwasikia watoto wakipita. "Eh, si yule aliyemwaga ndoo?" mmoja alisema, wakacheka. Hakuinua kichwa.

Kengele ikaanza. Pigo la kwanza lilikuwa dhaifu, la mikono mizee. Moelagi akahesabu. Kwenye pigo la tano akasikia nyayo.

"Ulijua bibi yako alishasema?" Ilikuwa sauti ya Ruta.

"Nilijua."

"Nilipotapika ulikuwa unajua?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa naona mkono wako. Ruta, nimekosa. Hukunifanyia kitu. Naomba unisamehe."

Kengele ikapiga ya nane, ya tisa. Ya kumi. Kisha mkeka ukanyanyuka na jua likampiga Moelagi usoni. Ruta alikuwa amesimama na vitambaa viwili magotini. Kengele ikapiga ya kumi na moja, ikanyamaza.

Ruta aliukunja mkeka, akauweka kwenye mikono ya Moelagi.

"Nimekuinua kwa sababu jua ni kali," alisema. "Mengine bado."

Akageuka, akaondoka akichechemea.