Togwa Katika Ndoo ya Bati

Evarista alikuwa akipepeta ulezi wa kimea, lakini macho yake yalikuwa uani kwa jirani. Regina alikuwa anaosha vyungu huku akiimba.

Siku za kazi katika shamba la kijiji, wanawake walipeleka togwa, kinywaji cha uji na kimea. Togwa ya Regina ndiyo iliyokwisha kwanza kila mara.

"Mtu amehamia juzi kutoka Usangu na ng'ombe wake," Evarista alimwambia mumewe, Kalinga. "Leo anatufundisha togwa sisi Wahehe."

"Hafundishi mtu. Anapika tu."

"Na wewe uliongeza kikombe. Nilikuona."

Kalinga akatoka nje. Alimjua mkewe.

Evarista alikwenda Iringa mjini. Alirudi na ndoo mbili za bati, mpya, zinazong'aa. Akapika uji, akaupoza, akatia kimea. Kisha akamimina togwa ndani ya ndoo hizo, akaiacha humo mpaka ikachachuka sana.

Siku ya kazi ilipofika, alipita mbele ya Regina na ndoo kichwani.

"Wenye vyungu, pisheni njia."

Regina alicheka. "Pita, mama. Tukikosa kioo tutajitazama humo."

Watu walikunywa. Togwa ilikuwa na ladha ya chuma. Haukupita muda wakaanza kutapika. Kalinga alilala kando ya tuta, ameshika tumbo.

"Ni Regina," Evarista alisema. "Alisimama karibu na ndoo zangu. Amenionea wivu, akatia kitu."

Watu wakamgeukia Regina. "Mgeni huyu arudi alikotoka," mmoja alisema. Wengine wakaitikia.

Jailos, mganga wa zahanati ya kijiji, aliitwa. Aliwapa wagonjwa maji safi, na waliolegea akawapeleka zahanati. Aliporudi, alitaka kuona ndoo.

"Tazameni," alisema. "Huku juu togwa haikufika. Bati linang'aa. Chini limefifia na kukwaruzika. Kilichobanduka kimekwenda wapi?"

Watu waliinama, wakachungulia ndani ya ndoo.

"Mmekinywa. Bati hili limepakwa madini yanayoitwa zinki. Togwa iliyochachuka ina asidi. Ule uchachu ndio asidi. Asidi hula zinki. Zikikutana hufanya chumvi ya zinki, na hewa hutoka. Mama, hukuona mapovu yameganda ubavuni mwa ndoo?"

"Niliyaona. Nilidhani inachachuka vizuri."

"Chumvi hiyo si ya mboga. Huyeyuka, huioni, nayo hutapisha watu."

"Basi nitatia jivu," Evarista alisema. "Jivu huondoa uchachu."

"Huondoa, kweli. Asidi ikikutana na jivu hufanya chumvi nyingine na maji, na uchachu unakwisha. Lakini zinki imekwisha kuingia. Jivu haliifanyi togwa hii iwe salama. Imwage shimoni, kuku wasiifikie. Kitu kichachu, iwe togwa, ulanzi wa mianzi au maziwa ya mgando, kiweke kwenye chungu au ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati ni ya maji."

Regina alikuwa bado amesimama peke yake.

"Nilitia kitu, mama?" aliuliza. "Sema, wote wasikie."

Evarista alitazama chini, kisha akainua uso.

"Hakutia kitu. Wivu ulikuwa wangu."

Yule aliyetaka mgeni arudi alikotoka alichukua jembe lake, akaondoka.

Kalinga alipona. Tangu hapo Evarista alichota maji kwa ndoo zake za bati, na togwa akaichachusha kwenye vyungu vikubwa vya udongo. Wakati wa palizi aliipeleka tena shambani. Mwanzoni watu waliionja kwa ncha ya ulimi. Kisha wakanywa, na hakuna aliyeumwa tumbo. Kalinga alikunywa kuliko wote. Vyungu vya Evarista vikaisha kwanza, vya Regina vikabaki nusu.

Regina alisogea karibu. "Mama, kimea hiki umekiotesha vipi?"

"Kawaida tu," Evarista alijibu, akafunika chungu kitupu ili Regina asichungulie.

Regina alirudi nyumbani bila kuaga.