Kabula Alikuja Kuniambia, Nikamwambia Aseme Kiswahili

Nina umri wa miaka thelathini na minne. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Siku hizi nafuma sweta za wanafunzi hapa Mafinga, na watu wakiniuliza kwa nini niliacha kufundisha huwa nasema ni kifua, kwamba chaki ilinidhuru. Si kweli. Leo nataka kueleza ukweli, na ninyi mnaosoma mnihukumu mtakavyo.

Mimi ni Mhehe, mzaliwa wa kijiji kimoja si mbali na Tosamaganga. Nyumbani tulisema Kihehe tu. Kiswahili nilikipata shuleni kwa viboko, nikakipenda kwa sababu kilinitoa shambani. Nilipoingia chuo cha ualimu nilikuwa wa kwanza katika somo hilo. Mkufunzi wetu alitufundisha kwamba lugha ya kabila iachwe mlangoni, kama mtu anavyoacha viatu vyenye matope. Taifa moja, lugha moja. Niliandika maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari chini.

Sisemi mkufunzi alikosea kutaka sote tuelewane. Nasema yale niliyoyafanya mimi kwa maneno yale...

Nilipomaliza chuo niliolewa na Festo, kijana wa Igowole aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao hapa Mafinga. Tukapata mtoto wa kike, Salome. Kisha nikapata uhamisho kwenda mkoa wa Mbeya, kwenye shule moja ya kijiji huko chini, bonde la Usangu. Festo hakuweza kuacha kazi yake. Nikaenda na mtoto, yeye akawa anakuja kila alipopata ruhusa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Vijiji vilikuwa vipya, shule mpya, madawati hayatoshi. Watoto wengi walikuwa Wasangu, wenyeji wa pale. Wengine walikuwa Wasukuma, ambao wazazi wao walikuwa wamehama na ng'ombe kutoka kaskazini. Hao wa wafugaji walikuja darasa la kwanza bila neno moja la Kiswahili.

Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa Mzee Ambilikile, Mnyakyusa wa Rungwe, mtu wa miaka hamsini na kitu. Alikuwa amejifunza Kisangu, na jioni alikwenda kwenye maboma ya wafugaji kunywa maziwa na kujifunza Kisukuma. Darasani kwake alishika kitu, akakitaja kwa Kisukuma, kwa Kisangu, kisha kwa Kiswahili. Watoto walirudia huku wakicheka. Kufika mwisho wa mwaka walikuwa wakisoma.

Mimi nilikuwa na darasa la pili na niliona vibaya. Nasema wazi: nilikuwa na wivu. Mimi mwenye cheti kizuri, watoto walinikimbia, wakamshika yeye mikono. Niliwahi kumwambia, "Mzee, lakini chuoni hatukufundishwa hivi." Akanijibu kwa upole, "Binti yangu, mtoto hawezi kuvuka mto kama hujaenda kumchukua ng'ambo aliko."

Mkaguzi alipokuja, sikungoja aulize. Nilimfuata ofisini nikamwambia kwamba Mwalimu Ambilikile anafundisha kwa lugha za kikabila. Nilitumia neno "ukabila". Wakati ule neno hilo lilikuwa zito, ninyi mnaokumbuka mnajua.

Haukupita muda, Mzee Ambilikile akahamishiwa shule nyingine juu milimani. Alinipa mkono siku ya kuondoka. Sidhani kama hakujua. Mimi nikapewa darasa la kwanza.

Jambo la kwanza nililofanya ni kutengeneza kibao chenye kamba. Mtoto aliyesema kilugha alivaa kibao shingoni, akabaki nacho mpaka apatikane mwingine. Darasa likawa kimya. Mwalimu mkuu alinisifu kwa ukimya ule.

Kati ya watoto wale alikuwapo Kabula. Alikuwa na miaka kama minane, mrefu, mweusi, mwenye macho ya kutulia. Baba yake alikuwa na ng'ombe wengi. Kabula ndiye aliyevaa kibao kuliko wote, kwa sababu hakuweza kujizuia kusema. Kila alichokiona alitaka kukisema.

Binti mmoja aliyekuwa akinisaidia kulea aliporudi kwao, nikawa naenda na Salome shuleni. Alikuwa na miaka mitatu. Nilimkalisha barazani na vijiti vyake. Salome alisema Kihehe tu, nyumbani tulizungumza hicho... Ndiyo. Mwalimu wa kibao alikuwa anazungumza Kihehe na mwanawe. Na huyo Salome alimpenda Kabula. Hawakuwa na lugha moja, lakini walicheza kama ndugu wa tumbo moja.

Siku hiyo ilikuwa masika, mifereji ya mpunga imejaa. Asubuhi Kabula alisema Kisukuma tena, nikampa adhabu ya kumwagilia miche ya shule iliyokuwa chini ya paa. Alichukua ndoo akaenda mfereji wa nyuma ya shule. Mimi nilikuwa ubaoni. Sikumwona Salome akiinuka kumfuata.

Baada ya muda Kabula akaingia mbio. Hakubisha hodi, hakuwa na ndoo. Alisimama mbele yangu, akasema haraka haraka kwa Kisukuma, huku akionyesha mlango. Nilisikia "ng'wana". Nilisikia "minzi". Akarudia. Ng'wana, minzi.

Nikamwambia, "Sema kwa Kiswahili."

Akanitazama. Akasema tena vile vile, kwa sauti ya juu zaidi.

"Kabula. Kwa Kiswahili, au ukae kimya."

Alifungua mdomo, akafunga. Nikaona anatafuta. Mwisho akatoa Kiswahili alichokuwa nacho. Alisema, "Shikamoo, mwalimu."

Darasa likacheka. Mimi pia nilicheka.

Nikamvalisha kibao. Alijaribu kutoka, nikamshika mkono nikamsimamisha uso ukutani. Gauni lake lilikuwa limelowa mpaka kifuani na likidondosha maji sakafuni, nami nikamgombeza kwa kuchezea maji. Kisha nikaendelea na somo. Hii ni meza. Hizi ni meza. Watoto wakaitikia.

Kengele ya mapumziko ilipolia nilitoka kumpa Salome uji. Vijiti vilikuwapo barazani, yeye hayupo.

Mzee mmoja, mkulima wa mpunga, ndiye aliyemwona, chini kwenye kona ya mfereji. Alimleta mikononi akiwa amemfunika kwa shati lake. Sikulia. Watu waliniambia baadaye kwamba niliuliza kama amekula.

Tulimzika Igowole, kwao Festo. Msibani watu waliuliza, kama kawaida, mtoto alikuwa na nani. Na hapa ndipo ninapoona aibu kuliko yote, wenzangu. Nilisema alikuwa na mtoto mmoja wa wafugaji, akamwacha mferejini akakimbia.

Nilisema hivyo mara moja, halafu sikuweza kurudi nyuma. Niliporejea shuleni mwalimu mkuu aliniuliza, nikasema vile vile. Mkutano wa kijiji ulipoitishwa nikasema vile vile tena, mbele ya baba yake Kabula, aliyekuwa ameshika kofia mikononi. Kabula alikuwapo. Walimwuliza kwa Kiswahili kama ni kweli. Aliangalia chini. Nani angemsaidia kujibu? Baba yake naye alijua Kiswahili cha kusalimia tu. Mwalimu pekee pale shuleni aliyejua lugha yake nilikuwa nimemwondoa mwenyewe.

Je, watoto wa darasani hawakujua? Walijua. Mmoja wao, Msangu, aliniambia mwaka uliofuata kwamba alielewa nusu ya maneno ya Kabula siku ile. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema aliogopa kibao.

Baba yake Kabula alimwondoa shule. Nilisikia alimchapa vibaya. Kisha wakaswaga ng'ombe wao wakahamia mbali zaidi bondeni, kwa sababu pale kijijini watu hawakuwasalimia tena.

Mimi niliendelea kufundisha. Niliamka, nikaoga, nikaandika tarehe ubaoni. Chakula hakikuwa na ladha, baridi sikuisikia. Festo alipokuja alilia, mimi nikamtazama akilia kama mtu anayetazama mvua ya nchi nyingine.

Nilikaa na uongo ule zaidi ya mwaka. Siku moja Festo alikuwa amekaa jikoni, akasema tu, "Kama yule mtoto angepiga hata kelele, si ungesikia?" Nikamwambia. Nilimwambia yote, kwa Kihehe, bila kupumzika.

Kisha akauliza, "Kumbe alikuja akakwambia?"

"Alikuja."

"Na Salome alikuwa bado majini?"

Festo aliinuka, akachukua mfuko wake, akaenda kungoja lori barabarani. Hakunitukana. Tumebaki kusalimiana tu, na sasa ana mke mwingine. Simlaumu.

Baada ya hapo niliandika barua ya kuacha kazi. Lakini kabla ya kurudi huku nilipanda milimani kumtafuta Mzee Ambilikile. Nilimkuta akipalilia kahawa yake. Nilipiga magoti nikamwambia ni mimi niliyemshtaki kwa mkaguzi. Akasema, "Hilo nilijua. Limekuleta lipi?" Nikamwambia la Kabula. Aliweka jembe chini, akakaa, akashika kichwa. Kisha akasema, "Twende."

Tulitembea siku mbili bondeni tukiuliza maboma. Tulimkuta Kabula akipepeta mtama na mama yake. Alikuwa ameongezeka kimo. Alinitambua mara moja, akaacha ungo.

Baba yake alitupatia vigoda. Nikaeleza yote, Mzee Ambilikile akafasiri neno kwa neno. Nikasema binti yao hakumwacha mtoto. Nikasema alikuja kuniita, nami nikamsimamisha ukutani. Nikasema nilidanganya mara tatu mbele ya watu.

Baba yake Kabula alisema maneno machache kwa sauti ya chini. Mzee Ambilikile hakuyafasiri. Nilipomwuliza alisema, "Hayo waachie wenyewe." Yule baba akaenda kwenye zizi, akasimama huko akitugeuzia mgongo.

Ndipo Kabula akazungumza. Alizungumza taratibu, bila hasira. Alisema Salome aliinama kushika majani, akateleza. Alisema aliingia majini mpaka kifuani, akalipata gauni la Salome, gauni likamtoka mkononi. Alisema maji yalikuwa na nguvu, ndiyo maana akakimbilia kwangu, kwa kuwa mimi ni mtu mzima na ni mama yake Salome. Mama yake Kabula aliongeza kwamba baada ya mkutano ule binti yake hakusema na mtu msimu mzima, wakadhani amekuwa bubu.

Kisha Kabula akauliza jambo. Mzee Ambilikile alisita kabla ya kulifasiri.

"Anauliza, siku ile ulielewa?"

Ningeweza kusema hapana. Kila mtu angeniamini, maana mimi si Msukuma. Lakini sisi Wahehe mtoto tunamwita "mwana", na Waswahili wanamwita "mwana". Kati ya mwana na ng'wana pana umbali gani? Nilielewa. Tangu neno la kwanza nilielewa kwamba mtoto huyu anasema habari ya mtoto. Nilidhani ni watoto wanaogombana, nikaona yaweza kungoja mpaka aseme kwa utaratibu. Minzi, yaani maji, ndilo sikulijua.

Nikasema, "Mwambie nilielewa neno moja."

Alipoambiwa, Kabula aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepata jibu alilolitafuta muda mrefu. Akachukua ungo wake akaendelea kupepeta. Mama yake alitupatia maziwa, tukanywa, tukaondoka. Hakuniambia amenisamehe, nami sikuomba. Baba yake, tulivyosikia baadaye, aliwaita jirani zake akawaambia kwamba binti yake hakuwa na kosa. Zaidi ya hapo sina la kujivunia.

Walimu wenzangu, na ninyi mnaosomea ualimu huko vyuoni, siwaambii msifundishe Kiswahili. Kifundisheni, ndicho kinachotukutanisha Mhehe na Msukuma. Lakini msimfunge mtoto mdomo ili mumpe lugha. Na kama umemkosea mtoto asiyeweza kujitetea kwa lugha ya mkutano, nenda ukaseme ukweli mapema, wakati bado ni mtoto, kabla hajazoea kunyamaza.

Akija mtoto mbio mbele yako, anaongea usichokijua na anaonyesha mlango, usimsahihishe. Weka chaki chini, umfuate.