Uji Uliopoa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Sabra alimwamkia bibi yake, "Shikamoo, bibi," kisha akamwosha uso na kumlisha uji wa mchele kijiko kwa kijiko. Hakujibiwa. Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu Bibi Mwatumu alipopatwa na kiharusi. Kabla ya hapo alikuwa ameacha kumeza vidonge vya presha kwa kuwa alijiona mzima. Sasa mkono wake wa kulia ulilala mapajani, na ulimi ulikuwa mzito.

Zamani bibi alimwita Sabra "mke mwenzangu", nyumba nzima ikacheka. Sabra aliitamani sauti hiyo hata akiwa darasani. Kwa hiyo alimhudumia bibi kwa bidii. Bibi alipoinua tu kidole kuelekea mtungini, maji yalikwisha kufika kinywani mwake.

Jumanne moja Bi Praxeda, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alifika kijijini kwao Kigombe kumtazama mgonjwa.

"Nani humlisha?" aliuliza.

"Mimi."

"Na nani humsemea?"

"Mimi pia," Sabra alijibu kwa fahari.

"Basi wewe ndiwe unayefanya mazoezi, mwanangu, bibi anatazama tu. Kuanzia kesho mtie kijiko katika mkono huo wa kulia, nawe umshike kiwiko. Akitaka kitu, mpe nafasi ajaribu kukitaja. Subiri."

Kusubiri kulikuwa kazi nzito kuliko kuteka maji. Uji ulimwagikia kanga. Bibi alinyoosha kidole, akakasirika, machozi yakamlengalenga. Sabra naye alijifuta yake kisirisiri.

Wiki ya tatu jirani yao, Bi Tausi, alipiga hodi akaingia.

"Loo! Mkubwa anahangaika, nawe umekaa kama mgeni wa hoteli za Ushongo? Hiyo ndiyo adabu mliyofundishwa?"

Sabra alitamani kukinyakua kijiko. "Niwie radhi, Bi Tausi. Nikimlisha leo, nitamlisha daima."

"Na majibu unayo!" Bi Tausi alisema, akaketi ashuhudie.

Kijiko kilipanda kikitetemeka, kikafika. Bibi akameza, akakunja uso.

"Ba... ba..."

Bi Tausi alitaka kummalizia neno. Sabra akamgusa goti. "Tumsubiri."

"Baridi!" bibi alifoka.

Halikuwa neno alilolitamani Sabra, lakini sauti ilikuwa ileile. Alicheka huku akilia, akaenda kuupasha uji moto.

Jumanne iliyofuata Bi Praxeda alisikia habari hiyo, akamtazama Sabra, kisha Bi Tausi aliyekuwa amekuja tena.

"Bi Tausi, adabu si kumfanyia mgonjwa kila kitu," alisema. "Kiungo kisichotumiwa husahau kazi yake. Nawe Sabra, hakikisha bibi anameza vidonge vyake kila siku, hata akijiona mzima. Yaliyobaki yatakuja polepole. Huenda mengine yasije. Wajibu wako ni kumpa nafasi, na kuvumilia."